Posa Katika Ukumbi wa Mtu wa Kale

Mlinzi wa mlangoni alimtazama mama mara mbili, akamfungulia njia bila kumdai tiketi.

Mama hakushangaa. Mtu wa hadhi yake hana haja ya kujitambulisha. Alipita kidevu juu, mumewe nyuma akibeba mkoba, na binti yao ametulia kama maji mtungini.

Walikuja kwa jambo moja. Kijana aliyeleta posa alikuwa akifanya kazi kwenye makumbusho haya ya viumbe, na mama aliahidi kutoa jibu leo, baada ya kuiona hiyo kazi. Jibu alikuwa nalo tangu nyumbani. Mtu anayejaza pamba tumboni mwa fisi ndiye amuoe mwanawe? Labda yeye awe kaburini.

Ilikuwa siku ya familia, na watu walifurika. Wazazi waliwaonyesha watoto mifupa ya nyangumi kana kwamba ni mali ya ukoo.

"Watu wazima na akili zao," mama alisema, "wanapanga foleni kuangalia mizoga."

Mumewe akaguna. Alikuwa mtu wa kuguna, na ndoa yao ilidumu kwa hilo.

Kila walipopita, watu walimgeukia mama, wengine wakinong'onezana. Akauweka sawa mtandio wake. Hata washamba hawa, aliwaza, kizuri wanakijua.

Kijana aliwapokea katika ukumbi wa mtu wa kale, jasho likimtoka.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," mama alijibu kwa ncha ya ulimi. "Kazi yenyewe iko wapi?"

Akawaonyesha. Ndani ya pango la plasta alichuchumaa mwanamke wa nta, akikwangua ngozi ya mnyama kwa jiwe. Taya pana, nywele timutimu.

"Tulikuwa na fuvu tu," kijana alisema. "Sura nimeiweka mimi. Nilitaka uso wa mtu asiyeshindwa na kitu."

"Mama, twende tukaone ndege," binti alisema, akimvuta mkono.

"Niache." Watu walikuwa wamejazana nyuma yao, na mama hakuwa mtu wa kupoteza hadhira. Akapaza sauti. "Hiki ndicho kitakachomlisha mwanangu? Hebu tazameni. Mdomo umebinuka kama anamsengenya jirani. Macho ya dharau, utadhani hilo pango ni ikulu. Na huyu naye alipata mume? Basi huyo mume alikuwa kipofu. Posa yako sitaki hata kuisikia."

Hakuna aliyecheka. Binti alijifunika uso kwa viganja.

Mumewe akaweka mkoba sakafuni. Alimtazama mwanamke wa nta kwa muda mrefu, akatabasamu, kisha akampa kijana mkono, kama mtu anavyompa mkwewe.

"Sikuwa kipofu, mama watoto," akasema taratibu. "Na hata leo ningemuoa tena."