Pini za Langoni

Walipofika kwenye lango la matofali, bibi kizee wa Kimarekani aliinua mkono, na Bupe akasimamisha kiti cha magurudumu.

Huu ulikuwa mwaka wa pili Bupe anamtunza, kule Alexandria, Marekani. Kila walipofika mlangoni, popote pale, bibi alivua pete, akachomoa pini za nywele, akamkabidhi. Binti yake alisema mama amerukwa na akili. Bupe naye aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Wiki ijayo bibi angehamishiwa kwenye nyumba ya wazee ambayo milango yake hufungwa kwa nje.

Leo aliomba jambo moja tu: aletwe hapa, alipofanya kazi enzi za usichana wake, wakati wa vita, yeye na wasichana wenzake wakipakia baruti huku wakiimba. Lilikuwa ghala la mabomu la jeshi la majini. Sasa ni bustani. Watu wanatembeza mbwa.

Ukutani kilibaki kibao kilichoanza kuliwa na kutu. Bupe alikisoma polepole: acha hapa kiberiti, pete, pini za nywele, cheche moja inatosha.

"Yesu wangu! Kumbe bibi wa watu..."

Bibi alikuwa ameshachomoa zake. Akamtazama kwa ukali wa msimamizi.

"Na zako, binti. Humo ndani kuna wenzetu."

Bupe akapiga magoti, akainamisha kichwa. Vidole vilivyoshindwa kushika kijiko asubuhi vikapita katika nywele zake, vikachomoa pini moja baada ya nyingine, bila kusahau hata moja.