Mkeka wa Mkutano

"Shoga, hivi mkono wako mkutanoni huwa unahesabiwa?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mwanahija, naye akacheka tu.

Leo ilikuwa kura ya kumuuzia tajiri mmoja bomba pekee la maji la mtaa. Wanaume walikaa vitini, wanawake kwenye mkeka wa Bi Mwanahija. Wanawake wote waliinua mikono kupinga. Mwenyekiti akahesabu ya vitini tu, akatangaza bomba limeuzwa.

"Na sisi je? Si tuliapa sote siku ya kupandisha bendera ya uhuru kwamba raia ni sawa?" aliuliza Bi Mwanahija.

"Sawa mko sawa, bibi, nani kakataa? Ila wanaohesabiwa ni wa vitini," alijibu mwenyekiti.

Wanaume wakacheka.

"Bismillahi," alisema Bi Mwanahija, akasimama. "Wenzangu, naomba mkeka wangu."

Wakainuka mmoja mmoja, wakabaki wima, mikono ingali juu. Akaukunja, akautia kwapani, akatoka.