Fenda Nyeupe

Jirani yangu Stoimen alinikuta kwenye yadi ya magari chakavu, nimekumbatia fenda ya Lada, nyeupe kama gari langu.

"Bibi dereva! Na wewe umegongwa?" akacheka. "Mimi natafuta mlango. Mlevi fulani kanigonga Jumapili nje ya kanisa, katoroka na dhambi zake."

"Mimi niligonga nguzo," nikasema.

Akachukua spana, akapiga magoti matopeni kando ya gari langu kunifungulia fenda iliyobonyea. Mkono wake ukasimama. Kidole gumba kikapapasa mkwaruzo wa rangi nyekundu, nyekundu ya gari lake.

"Nguzo haikuumia sana, bibi," akasema bila kuniangalia. "Haya, nishikie skrubu."

Nikakinga mikono miwili. Skrubu zilikuwa na joto la vidole vyake.