Damu ya Serwaa

Serwaa alikuwa hajauinua mchi vizuri, mama mkwe wake akampokonya.

"Acha! Unataka kuniulia mjukuu?"

"Mama, ni mihogo tu ya fufu."

"Fufu atatwanga Pokuaa."

Pokuaa, wifi yake, aliinuka kwa kujikongoja, tumbo mbele. Naye alikuwa mjamzito, tena alimzidi Serwaa kwa wiki mbili. Alikuja kujifungulia kwa mama yake, kama binti yeyote wa Kiasante, na kliniki ya hapo hakuwa ameandikishwa.

"Haya, malkia, pumzika," akacheka. "Mtu akiona sindano anaruka ukuta, mchi atauweza wapi?"

Serwaa hakucheka.

Siku tatu nyuma nesi Dufie alikuwa ameleta majibu kutoka hospitali ya wilaya, ambako wajawazito walioandikishwa walipimwa damu ili kifafa cha mimba kijulikane kabla hakijaja. Aliwaingiza chumbani Serwaa na mama mkwe, akafunga mlango.

"Damu yako imetutisha, Serwaa. Pumzika, meza kidonge hiki kila siku, presha upimwe kila wiki. Kichwa kikiuma tu, mbio hospitali."

Nesi alipoondoka, mama mkwe alishusha sauti. Nyumbani mwake hatari ya tumbo haikutajwa; kuitaja ni kuiita.

"Asijue mtu. Hata Pokuaa, utamtisha bure. Tutasema ni mgongo."

Serwaa aliigeuzageuza kadi yake ya kliniki mikononi.

Mchana ule Pokuaa alimuuliza, "Majibu ya damu je?"

"Salama," alijibu Serwaa.

Basi nyumba nzima ikamlea Serwaa. Kila Jumatatu teksi ilimpeleka kupimwa. Kila Jumatatu nesi aliikuta presha safi, akavisifu vidonge vyake. Pokuaa akateka maji, akatwanga, akafua.

"Wifi, hebu ona miguu," alisema siku moja. "Viazi vikuu! Sasa navaa viatu vya kaka. Na kichwa hiki, tangu jana kinatwangwa fufu ndani."

"Ni jua hilo," mama yake alisema. "Wewe chuma tangu utotoni."

"Mama, labda na yeye apimwe," Serwaa alisema, kwa sauti ndogo.

"Apimwe nini? Mgonjwa wewe."

Alhamisi Pokuaa alianguka kando ya kinu, mwili ukimtetemeka, povu mdomoni. Hospitali hawakuweza kumwokoa yeye wala mtoto.

Wiki mbili baadaye Serwaa alijifungua msichana mnene, bila hata kuumwa kichwa.

Siku ya nane, asubuhi na mapema, bibi alimpakata mjukuu mbele ya ndugu wote. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kilio. Akampa jina la Pokuaa. Akamdondoshea maji ulimini, ili akue msema kweli.

"Ukisema ni maji, yawe maji."

Akamdondoshea pombe.

"Ukisema ni pombe, iwe pombe."

Kisha, kama ilivyo desturi, akamkabidhi mama mtoto glasi anywe kilichobaki.

Serwaa aliipokea. Haikufika mdomoni.

"Mama," alisema, "siku ya kutoa damu niliogopa sindano. Nilimpa Pokuaa kadi yangu. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kutolewa damu, akaitika jina langu."