Gauti ya Mzee Kuria

Mzee Kuria alifunga kufuli kwenye mlango wa nyumba namba sita, akatia ufunguo mfukoni, kisha akaegemea ukuta kupumzisha mguu. Ploti hiyo ya Riruta ilikuwa yake, na kidole kilichovimba pia.

"Landlord, niskize kwanza," alisihi Waceke, mpangaji wake. "Vitu zangu zote ziko ndani."

"Unauza chang'aa! Kila Jumamosi watu wanaingia kwako wakichechemea, wanatoka wakicheka."

"Si pombe. Hata hiyo mguu yako, ungeniwachia niangalie..."

"Hii ni gauti!"

Gauti, jamani, si ugonjwa wa kila mlalahoi. Humpata mtu aliyekula mbuzi akashiba. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo Kuria aliitangaza yake hadi kanisani, mguu umenyooshwa benchi la mbele.

Saa sita alikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, kwa Daktari Gurleen.

"Inawasha?"

"Sana. Hasa nikitoka kulisha nguruwe zangu Uthiru."

"Unaenda na gambuti?"

"Na malapa."

Daktari aliinama na tochi. "Askari wa mwili wako wanapigana, mzee. Hawa hawangoji kufundishwa, mtu huzaliwa nao. Adui ni mkubwa, hawawezi kummeza, kwa hivyo wanamzunguka na kummwagia sumu. Ndiyo maana kidole ni moto na kimevimba."

"Nyama choma si adui mdogo," alikubali Kuria, kifua mbele.

"Si nyama. Ni funza. Wako kumi na mmoja."

Kuria aliona aibu hadi masikioni. Funza! Ugonjwa ambao yeye mwenyewe alizoea kusema ni wa wavivu.

"Watoe, daktari. Na tafadhali, watu wasijue."

"Mimi huku mjini sina mkono wa hiyo kazi. Lakini huko kwenu Riruta kuna mama, mhudumu wa afya wa kujitolea. Mafuta ya kuwaua mimi ndiye humpatia. Anatibu watu kwake kila Jumamosi, bure, na hatoi siri ya mtu."

Kuria alishusha pumzi. Mungu yupo.

"Ila mpigie saa hii," Gurleen alisema, akimwandikia namba. "Asubuhi ameniambia kuna mtu amemfungia nyumba, na dawa zote ziko ndani."

Kuria alitia mkono mfukoni atoe simu. Kilichotangulia kutoka ni ufunguo.