Mikono Miwili

Faki alishuka stendi adhuhuri amevaa kikoi, katika mji ambao wanaume wote walivaa suruali. Zakayo, mchoma nyama, akamzibia njia.

"Mwanamume gani wewe, kuvaa sketi? Hebu tukuone kama u mwanamume kweli!"

Wanaume wakamzunguka, wakicheka, wakakivuta kile kikoi. Faki alikishikilia kiunoni kwa mikono yote miwili, kwa hiyo uso wake ukakosa wa kuukinga. Zakayo akampiga ngumi ya pua, kisha ya jicho. Damu ikamchuruzika mpaka kidevuni.

Ndipo Faki akaachia.

Kikoi kilianguka vumbini, na ngumi yake ikamng'oa Zakayo meno mawili.

"Mlitaka kuona," alisema, yu uchi. "Haya, tazameni."

Wote wakainamisha macho.

"Wewe," akamwambia Zakayo. "Nivalishe."

Zakayo alitema damu, akaokota kikoi, akamzungushia mgeni kiunoni. Hakujua kinavyofungwa. Kila alipokiachia, kiliteleza. Ikambidi akishikilie kwa mikono yote miwili, uso wake wazi mbele ya ngumi ambayo Faki alikuwa bado hajaikunjua.