Breki za Mpole

Spana ilimponyoka fundi mara ya tatu asubuhi ile, ikagonga sakafu. Kwa mtu aliyezoea kujigamba kwamba aliwahi kurekebisha breki za baiskeli ikiwa tayari inateremka, yeye akikimbia pembeni, hiyo ilikuwa aibu ya mwaka.

"Unatetemeka, Mzee," ilisema sauti mlangoni.

"Uzee huo, mwanangu. Karibuni, karibuni."

Mkwe wake aliingia. Mtaa mzima ulimwita Mpole, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Nyuma yake aliingia mkewe, binti wa pekee wa fundi, akiwa na plasta kidevuni. Mwezi uliopita ilikuwa goti. Kabla ya goti, bega. "Ameanguka," Mpole husema kila mara, na binti huitikia kwa kichwa, macho chini.

Baiskeli mbili za mlimani zilikuwa zimeegemea meza ya kazi tangu jana. Pacha kabisa, Mpole alizinunua siku moja: nyeusi yake, nyekundu ya mkewe. Agizo lake lilikuwa fupi. Nyeusi irekebishwe vikono vya breki, vinamchosha viganja. Nyekundu ijazwe upepo tu, breki zake zisiguswe.

"Lakini vikono vya nyekundu viko mbali na usukani," fundi alijaribu jana. "Mwenzio ana vidole vifupi, kamchukua marehemu mama yake. Hafiki sawasawa."

"Atazoea," Mpole alijibu.

Na leo walikuwa wanakwenda kuteremka njia ya machimbo. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu mpaka chini. Wanakwenda wawili peke yao. Fundi hakupata usingizi. Kila alipofumba macho aliiona plasta nyingine, kubwa kuliko zote, ile wanayokufunika nayo mwili mzima.

Mpole aliishika nyeusi, akaweka vidole vyake virefu kwenye vikono vya breki. Akakunja uso.

"Mbona umevisogeza karibu hivi, Mzee? Si wewe unayesema kila kikono hupimwa kwa kidole cha mpandaji?"

"Ndiyo raha yake hiyo, mwanangu. Kidole kimoja tu, baiskeli inakusikiliza." Fundi alijipangusa jasho. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukapapasa, ukashuka haraka kama umeungua.

Mpole aliuona.

"Na zinashika?"

"Zinashika. Hapa zinashika. Unajua breki zina unafiki wake, dukani zinakuitikia kama mgeni wa heshima, ukija kuijua tabia yake ni kwenye mter..." Fundi alikatiza neno, akainama kuokota spana, na kichwa kikagonga meza.

Binti alicheka kidogo. Mpole alimgeukia, na kicheko kikakatika.

Kisha Mpole akatabasamu. Alipozungumza, sauti ilikuwa chini zaidi, na binti alirudi hatua moja nyuma bila kujua kwamba amerudi.

"Mke wangu, leo utapanda nyeusi. Mimi nitachukua yako."

"Hapana!" Fundi alisimama wima. "Hapana, mwanangu. Nyeusi ni yako, nimeitengeneza kwa ajili yako. Usinivunjie heshima hivyo."

"Heshima ipo pale pale. Nyeusi ina nini, Mzee?"

"Haina kitu."

"Kama haina kitu, binti yako ataipanda. Au ina kitu?"

Nje, mtu alipita akiburuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Mpole alisubiri, kichwa kimeinama upande, kama mwalimu anayemsubiri mtoto akiri mwenyewe. Fundi alimtazama binti yake, akaitazama baiskeli nyeusi. Mkono ulikuwa umerudi tena mfukoni.

"Haina kitu," alisema, na kujishikilia kwenye meza.

"Basi yamekwisha." Mpole aliishika nyekundu, akabana vikono mara mbili. Breki zikamwitikia vizuri. Akaipanda, akapiga mluzi mpaka mlangoni. "Mimi natangulia, mpenzi. Ukishindwa kusimama huko chini, usije ukanigonga tu."

Akacheka peke yake, akatoka.

Binti aliikokota nyeusi hadi kizingitini. Alishika usukani, na vidole vyake vifupi vikashuka vyenyewe kwenye vikono vya breki, kila kimoja kikanasa mahali pake bila kujinyoosha. Alibana. Aliachia. Akabana tena, taratibu, kisha akamgeukia baba yake kwa muda mrefu.

"Baba, hizi..."

"Mwache atangulie, mama," alisema fundi. Hakuwa anatetemeka tena. "Tena mbali kidogo."

Alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Ndipo akatoa kutoka mfuko wa shati skrubu ndogo ya breki, akaipangusa chembe za rangi nyekundu kwa kidole gumba, akaitumbukiza katika kopo pamoja na nyingine.